Bi. Ferista Nzowa Anauacha Ubao wa Sheria wa Tunduma

Ieleweke tangu mwanzo kwamba bila mimi, Kasiani Simbeye, sheria ya Waingereza isingefika Tunduma. Ingeishia Mpika, kule Zambia, ikaozea kwenye tela la lori pamoja na vipuri. Mawakili na mahakimu waliotoka kwenye mji huu wote wamepita mikononi mwangu, na wengine nimewabeba kwa pikipiki yangu wakiwa hawajui hata hakimu anakaa upande gani wa meza. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema kwa ajili ya kumbukumbu, maana vijana wa siku hizi wanadhani vitu vinajileta vyenyewe.

Baada ya hilo kukaa sawa, sasa nimseme mwenye siku yake.

Leo, Ijumaa tarehe 28 Agosti 2015, Bi. Ferista Nzowa anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Masomo ya Jioni kwa miaka ishirini na nane. Wengi tunamwita Mama Lusungu, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Amekuwa mwalimu wa marudio ya mtihani wa sheria, mtunza maktaba, na mwenye ule ubao wa habari za sheria pale ukutani ambao umesomwa hata na watu waliokuja kujikinga mvua tu. Kamati imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekuwa mtunza stoo na mhudumu wa Kituo miaka yote hiyo, na kwa sababu nyingine ambayo wote mnaijua: leo mchana, mbele yenu, Mama Lusungu atanikabidhi ufunguo wa chumba cha marudio. Kamati ilishatamka kwamba asipopatikana mtu wa kushika darasa, chumba kinakodishwa kuwa stoo ya matairi, na watahiniwa wa Oktoba watajijua wenyewe. Mtu akapatikana. Mtu mwenyewe ni mimi. Jambo hilo lina maelezo yake, nitayafikia.

Mama Lusungu alizaliwa Mbozi Mission mwaka 1955, kwenye nyumba ya wakulima wa kahawa. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa, na nadhani ndipo alipoitoa ile sauti yake, maana akikuita ukiwa stoo, hata matairi yanageuka. Alianza kazi akiwa karani wa mahakama ya mwanzo, akiandika mashauri ya ng'ombe walioingia mashambani na mipaka iliyotembea usiku. Mwaka 1987 akahamia kwetu. Wakati huo mpaka ulikuwa umeanza kuchemka. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba inaingia, wenye malori wanatoka Tanga, Kigoma na Singida kuja kupanga vyumba Tunduma, na kila mtu ana mkataba mfukoni ambao hajui umesema nini.

Ndipo watu wakaanza kujiandikisha kwenye chuo kimoja cha Uingereza kinachofundisha kwa posta. Ukifaulu mitihani yake unapata cheti cha misingi ya sheria, na kwa cheti hicho milango mingine inafunguka. Karatasi ya kwanza ilikuwa Mfumo wa Sheria wa Uingereza. Hapo ndipo wengi walipovunjikia miguu.

Na mimi nasema wazi, wala sioni haya: ule mfumo unachanganya. Nilisoma hadi darasa la saba, lakini darasa la saba letu lilikuwa sawa na chuo cha sasa, na bado nilichanganyikiwa. Nchi haina katiba iliyoandikwa kwenye kitabu kimoja, lakini inayo katiba. Mtu anahukumiwa na watu kumi na wawili waliookotwa mtaani, hakuna aliyesoma sheria, na hakimu aliyesoma anawasubiri wao. Kuna hakimu mwingine ambaye halipwi na hakusoma sheria, na anahukumu vilevile. Majaji wanavaa nywele za bandia na hakuna anayecheka. Siku ya kwanza nilipoyasikia haya nikiwa nafagia mlangoni, niliamini kabisa kwamba Mama Lusungu anawapima wanafunzi akili.

Hakuwa anawapima. Alikuwa na njia yake ya kuyaleta mambo hadi yakagonga goti lako. Kule kwao wakili ni wa aina mbili, na wanafunzi walikuwa wanaanguka hapo kila mwaka. Yeye akawaambia watazame getini kwetu. Wakala wa forodha anakaa na mteja, anaandaa makaratasi, anajua mzigo ni wa nani. Dereva ndiye anayeingia nao getini na kujibu maswali ya wakubwa. Wakili mmoja ni wakala, mwingine ni dereva. Toka siku hiyo hakuna mwanafunzi wa Tunduma aliyelikosa swali hilo, isipokuwa dereva mmoja aliyeandika kwamba mawakili wa mahakamani wa Uingereza hulala chini ya lori.

Suala la majaji kufuata hukumu zilizotangulia alilifundisha kwa mchele wa Kamsamba. Muuzaji mkubwa akifungua asubuhi na kutaja bei, wadogo wote wanaifuata hadi jioni, wapende wasipende. Ukitaka kuikwepa ile bei, lazima uoneshe kwamba gunia lako si la mchele uleule: lako ni chenga, au ni wa mwaka jana. Na yale maneno yote anayoyasema muuzaji huku anapima, kwamba mvua ni chache na mkwe wake mgonjwa, hayo unayasikiliza kwa adabu lakini hayakufungi. Kinachokufunga ni bei. Mimi nilielewa papo hapo, tena nikaenda sokoni kuifanyia kazi. Nilimwambia mama mmoja kwamba bei aliyonitajia inapingana na bei ya juu yake na kwa hiyo ni batili. Akaniuliza kama nimekunywa. Niliporudi kulalamika, Mama Lusungu alisema, “Kasiani, wewe ni shahidi mzuri sana wa tukio ambalo halijatokea.” Maneno hayo yamenifuata hadi kwenye harusi za wanangu.

Nizungumzie sasa ubao, maana ndio moyo wa habari hii.

Mtihani ulitaka mtu ajue sheria ilivyo leo, wakati vitabu vyetu vilikuwa vya zamani. Mama Lusungu akasema tutatumia magazeti. Magazeti ya Uingereza yangetoka wapi Tunduma? Yalitoka kwenye vioo. Mzee Abdulrahim, mwenye malori, alikuwa akileta taa na vioo vya pembeni vya magari kutoka Lusaka, na kila kioo kilifungwa kwa gazeti ili kisivunjike. Vioo vyenyewe vilifika Lusaka kutoka Uingereza, na magazeti yalikuja navyo. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kwenye ghala lake, navifungua vioo kwa mikono hii, na kuleta karatasi. Mzee Abdulrahim alizoea kusema, “Mjomba Kasiani, wenzako wananunua kioo wanatupa karatasi, wewe unachukua karatasi unaacha kioo. Kwenu mko wengi wa namna hiyo?”

Mama Lusungu alizinyoosha kwa pasi ya mkaa, taratibu, juu ya khanga iliyolowa, kisha akazibandika kila Jumanne. Ubao aliugawa sehemu mbili kwa mstari wa chaki. Upande wa kulia aliandika HABARI ZA SHERIA. Upande wa kushoto aliandika BADO HATUJAELEWA.

Huo wa kushoto ndio uliowavuta watu. Magazeti ya vioo yanakuja yamechanika. Unasoma kesi, mtu kamshtaki jirani kwa ajili ya ukuta, mawakili wamebishana, jaji amekohoa yuko tayari kusema, na hapo karatasi imekatika. Mwalimu mwingine angeitupa. Yeye aliibandika kushoto, na marudio ya wiki hiyo yakawa kuandika mwisho wa hukumu: kanuni ni ipi, kesi gani iliyotangulia, inahusikaje hapa. Nusu ya darasa inampa jirani ukuta, nusu inaubomoa. Kesi hiyo ya ukuta watu waliibishania hadi mwenye hoteli ya jirani akauliza ukuta uko mtaa gani akautazame.

Na yeye mwenyewe hakuona aibu kubandika vyake kushoto. Aliandika kwa mkono wake, “Hapa na mimi sielewi. F. Nzowa.” Mwanafunzi aliyekuja na kiburi akiona hivyo analegea. Alisema kuchanganyikiwa si dhambi, dhambi ni kuficha jambo chini ya godoro. Mimi niliandika vyangu vichache, kwa ajili ya kuwatia moyo wengine. Sawa, vilikuwa vingi.

Wanafunzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wanafika darasani saa nzima baada ya wenzao, na hawakuwa wazembe: saa ya Zambia iko nyuma ya yetu, na mtu akivuka barabara anavuka na saa yake. Wao walimwita “bamayo”, yaani mama, na Mama Lusungu hakuwagombeza hata siku moja. Alitundika saa mbili ukutani, ya kwetu na ya kwao, na ule muda wa saa moja wa kuwasubiri akaufanya wa kusahihisha makosa ya wiki iliyopita, ili wa Nakonde wasipitwe na jipya. Mimi nilikuwa msimamizi wa betri za saa zote mbili. Siku moja nilizibadilisha nafasi kwa ajili ya usafi, na kwa muda mfupi Tunduma ikawa Zambia. Tuliyamaliza.

Nitaje pia safari za Galula, maana wengine wamezisahau kwa makusudi. Kulikuwa na mchimbaji dhahabu, Danieli, aliyekuwa akisoma huko huko machimboni kwa tochi ya kichwani. Karatasi zake za marudio nilimpelekea mimi kwa pikipiki. Safari moja breki zilikatika mteremkoni, mto umefurika, na mamba yuko njiani. Nilinyanyua mfuko wa karatasi juu ya kichwa nikamtazama machoni. Mamba akanipisha. Danieli alifaulu. Mama Lusungu kila nikisimulia huwa anasema kwamba mara ya kwanza nilipoisimulia mto ulikuwa wa magotini na mamba alikuwa gogo. Lakini yeye hakuwepo, na sheria ya ushahidi inasemaje kuhusu mtu asiyekuwepo?

Sasa nifike mwaka 2009, mwaka ambao Kituo hiki kilitaka kufa.

Mwezi Septemba Mama Lusungu alikwenda Mbozi Mission kwenye msiba wa shangazi yake. Mtihani ulikuwa Oktoba. Akaniachia ubao. Jumanne hiyo nikafungua vioo kwa Mzee Abdulrahim, nikakuta gazeti lenye picha ya wazee wameketi, na habari kwamba Malodi wametoa hukumu yao ya mwisho. Kwa ambao hamkusoma: Malodi walikuwa ndio mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na walikaa ndani ya Bunge. Kila mwanafunzi alikuwa amekariri hivyo. Kila bei ya muuzaji mkubwa wa asubuhi ilitoka kwao. Kiingereza changu ni cha mpakani, kinatosha kununua, kuuza na kuagana, na kwa Kiingereza hicho nikasoma kwamba Malodi hawatasikiliza kesi tena. Nikaona hii ni habari kubwa kuliko zote zilizowahi kufika Tunduma. Nikaibandika upande wa kulia. Juu yake nikaandika kwa wino mnene: MAHAKAMA YA JUU YA UINGEREZA IMEFUNGWA.

Hadi magharibi mji mzima ulikuwa unajua. Mwajuma, muuza vitenge, aliyekuwa anafanya mtihani kwa mara ya pili, alikuja na mtoto mgongoni akasimama mbele ya ubao. “Mjomba, yaani nimewakariri hawa wazee hadi mume wangu anaona wivu, leo wamefunga duka?” Wa Nakonde wakafika kwa saa yao wakauliza, “Bamayo bali kwi?”, mama yuko wapi. Nikawaambia mama hayupo lakini mimi nipo. Hawakuonekana kufarijika. Mzee Abdulrahim, ambaye hata mwanafunzi hakuwa, akasema Waingereza nao wameishiwa dizeli.

Mkanganyiko uliofuata sijawahi kuuona. Kama mahakama ya juu imefungwa, hukumu zake zote si zimekufa? Kama zimekufa, tunarudia nini? Na kama tukiandika Malodi kwenye mtihani, msahihishaji si atacheka? Mmoja akaja na wazo kwamba sasa kila mahakama ya chini itaamua inavyotaka. Mwingine akasema ada zetu zirudishwe. Niliwaeleza kwa kirefu, nikiwa nimesimama kwenye kiti, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuondoka. Alhamisi darasa lilikuwa na watu watatu, mmoja wao mimi. Ijumaa nikaona karatasi zetu za marudio zimefungia maandazi.

Mama Lusungu alirudi Jumamosi, bado amejifunga khanga ya msiba. Alisimama mbele ya ubao, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa lile gazeti, pale lilipochanika. “Kasiani, na nusu ya chini iko wapi?” Nikamjibu kwamba lilikuja hivyo. Akalibandua, akalihamishia upande wa kushoto, akaifuta ile habari yangu kwa kiganja. Nilikasirika kidogo. Mtu huwezi kuleta habari kubwa kuliko zote halafu ikawekwa na za ukuta wa jirani.

Alikwenda kwenye kafe ya mtandao akasubiri umeme hadi ukarudi, akaisoma habari yote. Kisha hakuitisha mkutano, hakubandika tangazo. Aliniambia nipite kwa kila mwanafunzi nimwambie Jumapili jioni marudio yako dukani kwa Mwajuma.

Duka la Mwajuma wakati huo lilikuwa limehama. Barabara ilikuwa inapanuliwa, akavunja kibanda akahamia upande wa pili, na mwezi wa kwanza wateja walipita wakidhani amefilisika. Tulijazana humo kati ya vitenge, wengine mlangoni, wengine juu ya magunia. Mama Lusungu akamwomba Mwajuma ile fimbo yake ya mita ya kupimia. Akainyanyua juu. “Hii ndiyo uliyopimia kule ng'ambo ya barabara?” Mwajuma akasema, “Ni hiyohiyo, Mama Lusungu, ninunue nyingine ya nini?” Akamuuliza, “Na kitenge nilichokata kwako mwaka jana kule, leo kimekuwa kifupi?” Watu wakaanza kucheka. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, “Labda wewe umekuwa mnene, mama!” Na yeye akacheka, akiwa bado na khanga yake ya msiba.

Ndivyo ilivyokuwa kule, akasema. Wale wazee wametoka ndani ya nyumba ya Bunge, wanavuka uwanja, na mwezi ujao wanafungua nyumba yao wenyewe yenye kibao kipya: Mahakama ya Juu. Wengi wao ni walewale. Mita ni ileile. Yaliyopimwa kwenye nyumba ya zamani yanaendelea kufunga mahakama za chini hadi wenyewe wayabadili. Kwenye mtihani andikeni jina jipya, semeni lini na kwa nini wamehama, na hukumu za Malodi zitumieni bila woga.

Mimi nikauliza swali, na nadhani lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku hiyo: kama wamevuka uwanja tu, kwa nini gazeti zima? Akasema ni kwa sababu anayetunga sheria na anayeamua kesi haifai walale nyumba moja. Nikauliza tena, kwa nini basi walilala nyumba moja miaka yote hiyo, na dunia ikawasifu? Akaangalia vitenge. Halafu akasema, “Hilo nalo, Kasiani, nenda kalibandike kushoto.” Liko pale hadi leo, karatasi imekuwa ya njano.

Watu wakarudi. Wiki zile za mwisho tulikuwa na wanafunzi wamekaa hadi kwenye ngazi. Swali la mahakama mpya lilikuja, na watu wetu waliliandika kama wanaopima kitenge. Mwajuma alifaulu, akaendelea mbele, na leo ni wakili ana ofisi Vwawa. Yuko nasi hapa, kiti cha mbele, mwenye kilemba cha bluu. Fimbo ya mita ameitundika ofisini kwake, na wateja wanadhani ni ya kuchapia.

Mama Lusungu ana mazuri mengine ambayo nafasi hainitoshi. Alikuja kazini na mabuti ya mvua kila masika, akavua mlangoni na kufundisha peku. Alileta kahawa ya kwao Mbozi siku za matokeo, ya walioshinda na ya walioanguka kutoka birika moja. Aliyeanguka alimwambia neno moja tu, kwamba hukujibu swali ulilopewa, ulijibu ulilolitamani. Aliitwa mara mbili kwenda kufundisha Mbeya mjini, akasema huko ubao wanao. Sasa anarudi Mbozi Mission kwenye kahawa ya baba yake, na Lusungu amemjengea baraza la kukaa.

Mama Lusungu, kwa niaba ya Kituo, ya wanafunzi wa pande zote mbili za mpaka na ya mji ambao umejua Malodi kabla ya kujua maji ya bomba, tunakushukuru. Nenda ukapumzike. Kahawa izae, magoti yasiume, na wajukuu wakusikie ukiwaita mara ya kwanza. Tunakutakia siku njema zilizo ndefu.

Ila zisiwe za mbali sana. Kutoka Mbozi Mission hadi hapa gari zipo asubuhi na jioni.

Nasema hivyo kwa sababu ya ule ufunguo. Nilisema jambo hilo lina maelezo, na wewe ndiye uliyetufundisha tusifiche vitu chini ya godoro, kwa hiyo hiki nakibandika upande wa kushoto, na jina langu chini yake. Oktoba inakuja. Watahiniwa wako kumi na wachache, wamenunua kalamu, na kuanzia Jumatatu watakaa wananitazama mimi. Mimi nikiachiwa ubao, nabandika nusu ya juu. Watu wananipongeza mtaani kwa ujasiri wa kujitolea, Mwenyekiti wetu Bwana Ezron alinishika mkono hadi ukauma, na nimekosa mahali pa kusema.

Siku ile ya kikao Bwana Ezron aliuliza nani yuko tayari kushika darasa la marudio baada ya Mama Lusungu. Swali lenyewe sikulisikia. Nilikuwa natazama birika, limefika kiti cha jirani yangu na linageuka kurudi jikoni. Nikanyoosha mkono kuomba chai. Ukumbi mzima ukapiga makofi, wengine wakasimama, mmoja akalia.

Na chai yenyewe sikupewa.

Kasiani Simbeye,
Mtunza stoo na mhudumu